Naomba ushauri: fomu ya bima ya mpunga imeandikwa hekta tatu, mimi nalima eka moja na nusu

Mlimaji wa Micheweni
Assalaam alaykum ndugu zangu. Shamba ninalolima ni eka tatu alizopewa marehemu babu baada ya Mapinduzi ya 1964. Nusu yake ina mikarafuu, na nusu iliyobaki ndiyo ninayolima mpunga wa kutegemea mvua. Kikundi chetu kimekata bima ya mazao, na katibu ndiye aliyejaza fomu za wanachama wote. Nilipopewa fomu yangu nitie saini, nikaona kwamba kwenye safu ya ukubwa wa shamba, iliyochapishwa "hekta", imeandikwa 3, na mwenye shamba nimeandikwa mimi peke yangu, ilhali mirathi haijagawanywa. Katibu ananiambia nitie saini tu, kwa kuwa wenzangu wote wameandikwa hivyo, na mvua ikikosekana fidia itakuwa kubwa. Je, likitokea tatizo, wa kuulizwa ni yeye au ni mimi?

Mstaafu wa Bima
Wa alaykum salaam. Wa kuulizwa ni wewe. Mkataba wa bima umejengwa juu ya ukweli wa mwombaji, na katibu aliyekujazia kwa niaba yako anahesabiwa kuwa ni mkono wako; saini yako ndiyo inayosema kwamba umeyasoma yaliyoandikwa na umeyakubali. Sasa tazama hesabu yenyewe: hekta 3 ni zaidi ya eka saba, na eka moja na nusu ya mpunga haizidi sana hekta 0.6. Umetajiwa karibu mara tano ya ulichopanda, na ada ya bima ikikokotolewa kwa ukubwa huo utakatwa mara tano pia, wakati bima hufidia hasara iliyopatikana na haimpi mtu faida. Mkaguzi akija baada ya hasara atalizunguka shamba na kifaa chake cha kupimia, na tofauti kama hiyo inatosha kuyakataa madai yote.

Kijana wa Wete
Lakini Mzee, zipo bima zinazolipa kwa kufuata vipimo vya mvua, ambazo hazina haja ya mkaguzi kufika shambani. Huko atajulikana vipi?

Mstaafu wa Bima
Mwanangu, kutojulikana hakulifanyi tamko kuwa la kweli. Tena katika bima za aina hiyo mahali shamba lilipo ndipo panapoamua mvua ya wapi ihesabiwe, kwa hiyo naye asome shehia na tarehe ya kupanda, maana aliyekosea hekta huenda amekosea na hayo.

Bi Mkubwa wa Chake
Kuhusu warithi usitishike sana. Kinachokatiwa bima ni mpunga, nao ni wako uliyeulima. Omba iandikwe kuwa wewe ni mlimaji katika shamba la familia, uambatanishe barua ya sheha na ridhaa ya ndugu zako. Kwa katibu nenda nyumbani kwake kwanza, usimuumbue mkutanini. Fomu za watu wengi zikijazwa usiku mmoja, eka na hekta huchanganyika bila nia mbaya. Marekebisho yafanyike kwa maandishi kabla mvua hazijaanza, nawe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Mlimaji wa Micheweni
Nawashukuru sana. Saini sitii mpaka bwana shamba apime sehemu ya mpunga peke yake. Katibu amekubali kuzirudisha fomu zote, ingawa wawili kati ya wenzangu wamekasirika na wanasema nimewakosesha fidia.