Neoni wanapotea mmoja mmoja, enjeli mapezi yamekatika: nani akae na nani kwenye tangi la lita 126?

Maji Tulivu (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Naomba msaada, maana nimefika mahali nikiwasha taa ya tangi asubuhi nahesabu samaki kabla hata sijanawa uso.

Tangi langu ni la kioo, urefu sentimita 80, upana 35, kimo 45. Likijaa mpaka ukingoni ni lita 126, ila ukitoa changarawe na nafasi ya juu zinabaki kama 105 hivi. Lina chujio la ndani, hita niliyoiweka nyuzi joto 26, mimea halisi upande mmoja na gogo moja katikati. Lina miezi minane. Nilianza na neoni tetra wanane na koridorasi watatu, wale wadogo wenye ndevu wanaokaa chini, wakatulia vizuri tu. Baada ya miezi miwili nikaleta enjeli wawili, wadogo, mwili hauzidi kifuniko cha chupa. Mwezi uliopita nikaongeza wale wa milia minne myeusi, taiga babi, wanne. Kila mara muuzaji alinihakikishia kuwa wote ni wapole na wanakaa pamoja.

Leo neoni wamebaki watatu. Sijaokota mzoga hata mmoja, si juu ya maji, si kwenye chujio. Enjeli wamekua, wanakaribia kiganja changu, lakini zile nyuzi mbili ndefu za tumboni zimebaki vipande na mkia wa mmoja umechanika. Huyo mmoja anajibanza nyuma ya hita kutwa nzima. Nikitia chakula anachungulia, ananyakua punje moja, anarudi.

Naomba kujua: nani atoke, nani abaki, na kama kuna wa kuongeza ni yupi? Enjeli nawapenda sana, kuwatoa itaniuma. Naomba kuwasilisha.

Kambare Mzee

Pole sana mkuu. Neoni wako wameliwa, na aliyewala ni enjeli. Usimwone mbaya, njaa ndiyo inamtuma. Enjeli ni siklidi (jamii moja na sato na perege) wa bonde la Amazoni, na ule mwili mwembamba uliosimama kama jani umemfaa kupenya kwenye mizizi na mimea akisubiri kitu kidogo kipite. Neoni naye katoka huko huko Amerika Kusini, sentimita tatu au nne, mwembamba. Kwa enjeli aliyekomaa hicho ni chakula.

Kinachowadanganya wengi ni ule mdomo. Ukimtazama akiwa ametulia unaona mdomo mdogo. Mtazame akila: taya linachomoka mbele kama bomba na kufyonza. Na neoni usiku wanatulia, rangi yao ya buluu inafifia mpaka unadhani wameugua. Alfajiri kabla hujawasha taa wako hivyo hivyo, wamezubaa, na enjeli kashaamka. Ndiyo maana huoni mzoga.

Ulipowanunua wakiwa kama kifuniko cha chupa muuzaji hakusema uongo, siku ile walikuwa hawawezi. Ila samaki usimpime kwa ukubwa wa dukani. Enjeli anafika kama sentimita 15 kwa urefu wa mwili, na ukijumlisha mapezi kimo chake kinapita hapo.

Zumaridi

Nakubaliana na Mzee kuhusu neoni. Mapezi ni kesi nyingine, na mshtakiwa ni babi.

Mleta uzi, taiga babi ni samaki wa kundi, na ndani ya kundi wana vyeo. Muda wote wanasukumana kujua nani mkubwa. Wakiwa wanane, kumi, wanamalizana wenyewe kwa wenyewe na kila mmoja anapata kidogo kidogo. Wakiwa wanne hawatoshani, wanatafuta wa nje. Sasa wewe umewawekea samaki anayeelea taratibu akiburuta nyuzi ndefu. Wanaanza na nyuzi za tumboni kwa sababu ndizo zinazoning'inia, kisha mkia.

Utashauriwa uwaongeze wafike kumi watulie. Watapunguza, hawataacha. Mimi siwaweki na samaki yeyote wa mapezi marefu: enjeli, beta dume, gapi dume, gurami. Na tangi lako halina nafasi ya babi kumi pamoja na hao wengine. Watoke babi, tena wiki hii, maana huyo wa nyuma ya hita anadhoofika. Samaki anayekula punje moja kwa siku hapigi mwezi.

Jabali

Mnamtisha bure mwenzenu. Mimi nina enjeli watatu na neoni kumi na wawili, mwaka wa pili huu, sijapoteza hata mmoja. Siri ni kuwashibisha enjeli.

Kambare Mzee

Jabali, nakuamini. Naomba nikuulize: neoni walikuwa wakubwa tayari enjeli walipoingia wakiwa wadogo? Na mimea yako ni mingi? Mara nyingi wanaofanikiwa ndivyo walivyoanza. Enjeli anakua akiwaona wale kama sehemu ya nyumba. Hata huyu mwenzetu alianza hivyo hivyo, lakini enjeli wake wamefungua macho. Samaki mmoja mmoja ana tabia yake, na akishaonja huwezi kumfundisha asile.

Halafu kuna joto, ambalo watu hawalitaji. Neoni anapendelea maji ya ubaridi kidogo, nyuzi 21 hadi 25 zinamtosha. Enjeli anataka 25 hadi 28. Kwenye 26 wote wanaishi, lakini kila mmoja yuko pembeni mwa raha yake. Mtu akitaka sana ule mwonekano wa buluu na nyekundu kwenye maji ya joto, amtafute kadinali. Utamtambua kwa ule mstari mwekundu unaotoka kichwani mpaka mkiani. Wa neoni unaanzia katikati ya mwili. Kadinali anakua zaidi kidogo na joto analipenda. Bado ni mwembamba lakini, mbele ya enjeli mkubwa simpi dhamana.

Tabibu wa Mapezi

Kabla hatujahamisha mtu, mkuu, hebu pima maji utuletee majibu: amonia, nitraiti na nitreti, yaani taka zinazotokana na kinyesi na mabaki ya chakula, pamoja na pH, kipimo cha uchachu wa maji. Mapezi kuchanika kuna sababu mbili na dawa zake ni tofauti. La kung'atwa linakuwa na pengo safi, kama nusu duara, kama mtu kakata kwa kucha, na kando ya pengo ni angavu. La kuoza linaliwa kuanzia ukingoni, ukingo wenyewe unakuwa mweupe kama ukungu au una wekundu, na kila siku unasogea ndani. Washa tochi pembeni ya kioo, mwangaza upite ubavuni mwa samaki, utaona vizuri.

Kinyonga

Mimi ningeondoa wote niweke mbuna. Rangi tele, hawali mapezi ya mtu bila sababu, tangi linachangamka.

Zumaridi

Kinyonga ndugu yangu, hapo unamjengea tangi jingine kabisa. Mbuna ni siklidi wa miamba ya Ziwa Nyasa. Maji ya kule ni magumu, yaani yana madini mengi, na pH yake inacheza kama 7.8 hadi 8.6. Wanataka mawe mengi yenye mapango, wanakula zaidi mwani, na wanalinda maeneo yao kwa ukali. Lita 126 kwa mbuna wengi ni kuwasababishia vita. Na koridorasi wake atawapeleka wapi? Wazuri sana mbuna, nami ninao, ila wanakaa na mbuna wenzao.

Maji Tulivu (mleta uzi)

Asanteni sana wakuu. Nimepima leo: amonia 0, nitraiti 0, nitreti 60, pH 7.2. Nimemulika kwa tochi kama Tabibu alivyoelekeza. Mapengo ni safi, nusu duara, matatu kwenye mkia, hakuna weupe. Nikiwa nimekaa hapo hapo nimemwona babi mmoja akipita nyuma ya hita, akavuta kipande cha nyuzi, akakimbia nacho. Nimesikia vibaya sana. Babi nimeshawapatia mtu mwenye kundi lao, anakuja kuwachukua kesho.

Kuna rafiki ananiambia niweke pleko ale mwani kwenye vioo. Mnasemaje?

Tabibu wa Mapezi

Vizuri, basi tumeshajua ni kung'atwa. Mapezi yataota yenyewe maji yakiwa safi, usitie dawa yoyote. Ila nitreti 60 ni nyingi. Ishushe chini ya 40, ikifika 20 bora zaidi. Badilisha asilimia 30 ya maji leo, rudia baada ya siku tatu, kisha kila wiki. Fyonza na uchafu uliozama kwenye changarawe. Maji mapya yawe na joto linalolingana na ya tangini na uyatoe klorini kwanza. Kuyaacha wazi saa 24 huondoa klorini ya kawaida, lakini kama mamlaka ya maji inatumia kloramini, yaani klorini iliyochanganywa na amonia, hiyo haitoki kwa kuachwa, inahitaji dawa yake.

Pleko wa kawaida, hapana. Huyo wa sentimita sita unayemwona amejibandika kwenye kioo anapita sentimita 30. Mimi nilimnunua nikiambiwa atabaki mdogo kwa sababu tangi ni dogo. Akafika urefu wa mkono wangu kutoka kiganjani hadi kiwiko, akawa anang'oa mimea akigeuka, na kinyesi chake kilishinda chujio. Mwili unadumaa kwa mateso, haudumai kwa adabu. Ukitaka wa mwani, kuna pleko wa ndevu, dume lina vijimatawi puani, anaishia kama sentimita 12. Mmoja tu, na gogo lako linamfaa sana kwa sababu analikwangua. Usimfuate mla mwani wa Kichina. Akiwa mkubwa huacha mwani akaganda ubavuni mwa samaki wa mwili mpana kama enjeli akifyonza ute wa ngozi.

Kambare Mzee

Sasa tupange. Mkuu umesema enjeli unawapenda, basi hao ndio wenye nyumba. Wengine wote wachaguliwe kwa kuwatazama wao: wanapenda joto gani, mdomo wao unameza nini, wanaelea sehemu gani ya maji. Watu wengi wananunua kila samaki kivyake kwa kumpenda, halafu wanaanza kutafuta amani baadaye.

Neoni watatu waliobaki watoe. Watatu si kundi, wanaishi kwa hofu, na zamu yao itafika. Chini ongeza koridorasi wafike sita. Watatu ni wachache, ndiyo maana wanajificha. Wakiwa sita utawaona mchana wanachimba pamoja, na ghafla mmoja anapaa juu kama mshale, anameza hewa, anashuka. Usiogope, wanapumua kwa utumbo pia. Aina ya sterbai inastahimili joto la enjeli kuliko nyingine nyingi, ila kama hao ulionao ni aina nyingine ongeza aina hiyo hiyo. Na changarawe yako ikiwa na ncha kali, weka mchanga laini walau nusu ya sakafu. Ndevu zao huisha kwa changarawe, nami nimeshaona koridorasi asiye na ndevu hata moja, anagusa chakula kwa mdomo mtupu.

Katikati, tetra wa pua nyekundu, wanane. Wanafika sentimita tano, wana kasi, wanapenda joto, na wanaogelea kwa pamoja kuliko tetra wote niliowafuga. Tena ule wekundu wa pua ni kipimo: maji yakiharibika unafifia kabla kifaa chako hakijakwambia. Nunua waliokomaa, siyo vitoto.

Usilete wote siku moja. Kwanza nitreti ishuke. Halafu kila mgeni akae kwenye chombo cha pembeni wiki mbili hadi nne, chenye chujio la sifongo na hita, uangalie kama ana madoa meupe kama punje za chumvi. Ugonjwa ule ukiingia tangi kubwa unapita kwa wote.

Jabali

Kwa hili la wageni kukaa pembeni naunga mkono kwa mikono miwili. Niliwahi kuruka hatua hiyo mara moja, nikazika samaki kumi na moja kwa siku tisa.

Zumaridi

Nyongeza moja. Siku unayoingiza tetra, hamisha gogo na mimea kidogo na uzime taa mpaka kesho yake. Enjeli ana mipaka yake tangini. Ukipanga upya, anaamka wote ni wageni na hana pa kutetea.

Maji Tulivu (mleta uzi)

Narudi na mrejesho baada ya wiki saba, wakuu. Babi walitoka siku ile ile niliyosema. Siku ya tatu yule enjeli wa nyuma ya hita akatoka mwenyewe, akaja mbele ya kioo, akala mpaka tumbo likaonekana. Neoni wanaishi na wenzao kwenye tangi la jirani, nyuzi 24. Nitreti iko 20. Koridorasi sasa ni sita juu ya mchanga, na kweli wanatembea wote kama msafara. Tetra wa pua nyekundu wanane wamemaliza wiki tatu pembeni, wameingia juzi, na nimewahesabu leo asubuhi: wanane.

Mapezi ya mkia yameota, sehemu mpya ni angavu kama plastiki. Uzi mmoja wa tumboni umerudi umepinda kidogo.

Ila kuna jambo. Tangu jana enjeli wote wawili wanakwangua jani moja pana kwa midomo, kwa zamu, na koridorasi akikaribia wanamfukuza. Wameanza kugombana tena?

Kambare Mzee

Hongera mkuu, hao ni jozi. Wanasafisha mahali pa kutaga. Mayai yatapangwa kwa mistari kwenye hilo jani, na kuanzia hapo nusu ya tangi ni yao. Wape tetra na koridorasi mimea mingi upande wa pili wajifiche. Mara ya kwanza wazazi huwa wanakula mayai yao wenyewe, usivunjike moyo, watarudia baada ya wiki mbili hivi.

Zumaridi

Na usiku koridorasi watayafuata hayo mayai. Kama unataka vitoto, andaa kipande cha kioo cha kugawa tangi mapema, kabla hawajataga.