Tupeane uzoefu: kiatu kilichowahi kukunyoosha mguu, ulikituliza vipi?

MZAWA WA GUNGU
Wakuu, mwakeye. Jana jioni nimepita stendi nikamwona dogo mmoja wa boda amevaa buti jipya la ngozi, anatembea kama anakanyaga misumari. Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana miaka minne nyuma yule nilikuwa mimi. Nilinunua buti la kazi, 42, namba yangu kabisa. Dukani likanikaa kama nimezaliwa nalo. Hiyo ni saa tatu asubuhi. Kufika saa kumi jioni, nimeshazunguka Mwandiga na Ujiji, mguu umejaa na kidole cha mwisho hakina habari na mimi. Leteni visa vyenu. Mwenye dawa aseme, yule dogo nitamkuta tena kesho kutwa.

FUNDI KANYENYE
Kosa lilikuwa saa. Kiatu hununuliwa jioni, mguu ukishajaa. Asubuhi mguu unakudanganya.

MAMA WAWILI
Nakazia. Na usimame. Watu wanajaribu kiatu wamekaa kwenye stuli kama wanasukwa nywele.

KIJANA WA ISEVYA
Umenikumbusha mbali, mkuu. Sisemi kambi gani, waliopita wataijua wenyewe. Siku ya kugawiwa buti mimi wa 41 nafika mbele stoo zimebaki 39 na 44. Lile 44 nikaliona kama mtumbwi, nikaogopa wenzangu watanicheka, nikachukua 39. Afande wa stoo akanitazama, akasema, "Buti halizoei, utazoea wewe."

Wiki ya kwanza nikajikaza. Wiki ya pili ikaja ruti machi ya usiku. Tumetoka saa mbili, mbalamwezi, miombo pande zote, mchanga. Kilometa za mwanzo mguu ulikuwa unauma, baadaye ukafa ganzi, nikasema afadhali. Kumbe ganzi ndiyo mbaya kuliko maumivu. Tuliporuhusiwa kupumzika nikavua buti la kushoto, soksi ikagoma. Nikaivuta. Wakuu, soksi ilitoka na kisigino. Lengelenge lilishapasuka zamani, ngozi imeganda kwenye uzi, na chini yake nyama nyekundu kama embe bovu. Sikulia, lakini machozi yalikuwa yanatoka yenyewe, hayakuniomba ruhusa.

Kuna kuruta mwenzangu mtoto wa Urambo akaniambia kesho yake: loweka buti maji, vaa na soksi mbili, tembea nalo mpaka likukaukie mguuni. Nikafanya hivyo siku ya mapumziko, nikazunguka uwanja mchana kutwa kama mwehu. Likalegea kweli. Furaha yangu siku tatu tu, mvua ikaninyeshea, nikalianika karibu na moto wa jikoni. Asubuhi limekakamaa kama makopa. Nikaenda kuomba lile 44. Nililivaa na soksi mbili hadi namaliza mkataba na hakuna aliyenicheka, kila mtu alikuwa na mguu wake wa kuhangaikia.

MZAWA WA GUNGU
Pole sana, ndugu yangu. "Soksi ilitoka na kisigino" nimeisoma nikashika mguu wangu.

BINTI KATONGA
Mbona mnahangaika na maji? Buti la ngozi unalipaka mawese. Mawese ya moto kidogo, unasugua na kitambaa, unaacha usiku. Marehemu babu alikuwa akifanya hivyo na ngozi inakuwa laini kama shavu la mtoto.

FUNDI KANYENYE
Na sisimizi wanakuja na mabegi yao. Dada, mawese ni ya kupikia. Yanalainisha, sikatai, lakini yanaacha rangi, soksi inakuwa ya chungwa na harufu haikuachi. Kwetu tunatumia nta ya nyuki. Maji hayapiti.

BINTI KATONGA
Nta hailainishi kitu, inaziba tu. Mtu analalamika kubanwa wewe unamwongezea ukuta. Watu wa Tabora kila ugonjwa ni asali au nta.

KIJANA WA ISEVYA
Na watu wa Kigoma kila kitu ni mawese, hata breki za baiskeli.

MAMA WAWILI
Jamani, tulikuwa kwenye viatu.

CHIFU WA MWANGA
Ngojeni niwape kisa, na mwishoni kuna swali la kweli, nataka mwenye elimu anijibu.

Mwaka juzi soko la Mwanga kumefunguliwa belo la viatu. Nikaona pea moja nyeusi, kubwa, nzito, kama ya watu wanaokwenda mwezini. Haina kamba. Ina kitufe cha mviringo, ukikizungusha kinalia krik krik, waya mwembamba unakaza buti zima. Na ndani kuna kiatu kingine! Laini, kinachomoka, kama soksi iliyoshonwa kwa godoro. Muuzaji anaapa ni buti la jeshi la Ulaya. Nikaangalia namba kwenye ulimi: 27. Nikamwambia, bwana, hii ya mtoto wa darasa la pili. Akasema vaa kwanza. Likaingia. Mimi navaa 42! Nikatoa elfu ishirini na tano, nikaondoka haraka kabla hajashtuka.

Nikaanza kulivalia kwenye boda masika hiyo. Mvua ya kwetu na ule udongo mwekundu mnaujua, mimi mguu mkavu, abiria wananiita kamanda. Tatizo likawa mawili. Kifundo kinagonga kwa ndani miguu yote. Na jua likitoka, humo ndani kunachemka kama chungu cha maharage. Jioni nikikichomoa kile kiatu cha ndani nakikamua.

Siku moja nikaviweka vyote viwili pembeni ya jiko la mkaa vikauke. Mke wangu alikuwa amemaliza kukaanga migebuka, mkaa bado mwekundu. Nikaingia ndani kuangalia mpira, ni dakika chache tu, si unajua mpira. Nikasikia harufu ya plastiki. Kutoka nje, cha kulia kilichokuwa karibu na moto kimejikunja, kimesinyaa, kimekuwa cha mwanangu kweli. Cha kushoto kilikuwa mbali kidogo, hakijaungua, kimelainika tu kama mkate uliotoka sasa hivi. Kwa hasira nikakitumbukiza ndani ya buti, nikakivaa hivyo hivyo kikiwa cha moto, nikakaza kile kitufe, nikasimama barazani nimenuna. Mke wangu ananiangalia, mimi namwangalia. Kama dakika kumi hivi bila kusogea, na hasira zangu.

Sasa swali. Kile cha kushoto tangu siku ile hakijawahi kunigonga kifundo. Kinanikaa kama nimepimwa. Nini kilitokea?

MZAWA WA GUNGU
Hahaha, yaani umesimama umenuna na buti moja la moto mguuni! Uzi umetekwa.

KIJANA WA ISEVYA
Huo ni uchawi wa migebuka.

MTOTO WA CHEYO
Mwangaluka wote. Chifu, umenitoa mafichoni. Mimi mzaliwa wa Tabora ila sasa niko Kanada, nafanya kazi duka linalokodisha vifaa vya kuchezea kwenye theluji. Hilo si buti la jeshi. Ni la mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa ubao mmoja, snowboard. Namba 27 ni sentimita za urefu wa mguu, ndiyo maana 42 yako ikaingia. Na ulichofanya barazani kwa hasira ndicho mimi nalipwa kukifanya kila siku.

Kile kiatu cha ndani tunakiita laina. Nyingi zimetengenezwa kwa povu la plastiki linalolainika likipata joto na kushika umbo likipoa. Mteja akija tunapuliza hewa ya moto ndani ya laina kwa dakika kadhaa, nyingine zinaingia kwenye oveni maalumu. Anavaa soksi moja nyembamba, vidole tunavivalisha kifuniko ili pale mbele pabaki nafasi. Kifundo kikiwa kinagonga, tunabandika kipande kidogo cha sponji juu ya mfupa, laina ikipoa pale panabaki shimo. Akishavaa anagonga kisigino chini mara mbili tatu kirudi nyuma kabisa, tunakaza, anasimama amekunja magoti kidogo. Haruhusiwi kutembea mpaka povu lipoe, kama dakika kumi au kumi na tano. Wewe ulinuna, ukasimama. Kazi ikaisha.

Cha kulia kilizidi moto. Povu likizidi moto linasinyaa na halirudi. Nimeshaona mtu mzima analia dukani, aliweka laina zake kwenye oveni ya nyumbani akapigiwa simu.

CHIFU WA MWANGA
Nimesoma mara tatu. Kwa hiyo mimi ni fundi wa Kanada bila kujijua.

MTOTO WA CHEYO
Nusu fundi, wa kushoto.

BINTI KATONGA
Kaka wa Cheyo, na mimi nikibanwa na kiatu cha ngozi nipashe moto?

MTOTO WA CHEYO
Hapana, dada! Hiyo ni kwa povu la aina hiyo tu. Na si kila laina, nyingine zinafuata mguu zenyewe kwa joto la mwili ukizivaa siku kadhaa. Ngozi ukiipeleka kwenye moto yatakukuta ya huyu wa makopa.

FUNDI KANYENYE
Hapo tumeelewana. Ngozi inavutwa kwa unyevu na kalibu, lile umbo la mguu la fundi viatu. Mimi nalowesha kidogo pale panapobana, naingiza kalibu ya mbao, naiacha usiku mzima. Kidole kina sugu, nabandika kipande cha ngozi juu ya kalibu mahali pale pale ili pavimbe.

KIJANA WA ISEVYA
Kumbe ni akili moja na ile sponji ya kifundo.

MAMA WAWILI
Mimi ya harusi ya kaka yangu nilijaza maji mfuko wa plastiki, nikafunga vizuri, nikauingiza kwenye kiatu, nikaweka kwenye friza. Maji yakiganda yanatanuka, kiatu kinasukumwa. Kilipanuka kweli. Mfuko wa pili ulitoboka. Bwana harusi aliingia kanisani na kiatu kimoja kinalia chwi chwi.

MZAWA WA GUNGU
Mtoto wa Cheyo, mimi nabaki na swali. Mtu anajuaje buti ni saizi yake? Yule dogo wa stendi anasema "litalegea tu".

MTOTO WA CHEYO
La theluji ukisimama wima vidole vinagusa mbele kidogo, ukikunja magoti vinarudi nyuma. Kisigino kisiinuke. Linaanza kwa kubana kiasi kwa sababu povu likikandamizwa siku nyingi linapungua, buti linapwaya. Anayenunua linalopwaya siku ya kwanza, baada ya msimu anaogelea humo. Lakini kubana ni kama kushikwa mkono na mtu anayekupenda. Ganzi na vidole kuwa vya baridi ni damu haipiti. Na mtu akisikia baridi anaongeza soksi ya pili, anabana zaidi, anasikia baridi zaidi. Kila siku nawaambia, kila siku wanaongeza.

KIJANA WA ISEVYA
Mimi 44 na soksi mbili iliniokoa.

MTOTO WA CHEYO
Yako lilikuwa linapwaya, ndugu. Hapo sawa.

DADA WA WODI
Nasoma tu huwa sichangii. Ila mwenye kisukari asijaribu mambo haya ya kulegeza kiatu kwa kutembea nacho, wala kuvaa kitu cha moto. Mguu wake unaweza usisikie. Anakuja kwetu kidonda kina wiki mbili, anasema "hakiumi". Avae kinachomtosha tangu dukani, na avue aangalie unyayo kila jioni.

BINTI KATONGA
Asante dada. Mama yangu nitamsomea hii.

CHIFU WA MWANGA
Fundi wa Kanada, laina ya kulia peke yake inapatikana?

MTOTO WA CHEYO
Zinauzwa bila buti, ila pea. Na kuituma Kigoma, Chifu, utanunua boda nyingine.

CHIFU WA MWANGA
Basi naendelea na soksi tatu na kipande cha godoro. Kama kuna mtu belo limemletea mguu wa kulia peke yake, 27, asitupe.

FUNDI KANYENYE
Lete hilo buti Tabora na treni, nikushonee ya ndani kwa sponji na turubai.

BINTI KATONGA
Akipake na nta.

MZAWA WA GUNGU
Wakuu, mrejesho. Nimemkuta dogo leo. Amevaa ndala. Buti ameliuza.

MAMA WAWILI
Kwa nani tena maskini?

MZAWA WA GUNGU
Kwangu. Elfu kumi na tano. Ni 43. Nimelijaribu saa kumi na mbili jioni, nimesimama.