Tupeane uzoefu: Ulijuaje mpaka unakaribia kufungwa kabla redio haijasema?

Wakala wa Rusumo (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Nafanya kazi ya uwakala wa forodha hapa Rusumo, mpakani na Rwanda. Ukikaa mpakani muda mrefu unang'amua kwamba ugomvi wa nchi mbili hauanzi na tamko la waziri. Unaona askari wageni kwenye kizuizi. Wabadilisha fedha wanafunga mapema. Afisa uliyezoea kutaniana naye anakudai karatasi ambayo hajawahi kukuuliza. Uganda na Rwanda, Tanzania na Kenya, Burundi na Rwanda, Kongo na majirani zake, sisi wa ukanda huu hayo tumeyala na kuyalalia.

Mwenye kisa alete: ulikuwa wapi, dalili gani uliiona kwanza, ulipitaje. Methali ya tembo na nyasi naomba tuiache, tumeshaisikia ya kutosha.

Dereva wa Korido

Mimi Mkenya, napiga masafa Mombasa, Kampala, Kigali. Mwisho wa Februari 2019 nilikuwa Katuna upande wa Uganda, malori yamepanga foleni mpaka huwezi kuona mwisho. Tukaambiwa upande wa pili, Gatuna, kuna ujenzi wa kituo cha pamoja, kwa hiyo magari makubwa yageuze, yaende kivuko kingine cha mashariki, Mirama Hills, yakatokee Kagitumba upande wa Rwanda. Ujenzi kweli ulikuwepo. Lakini ujenzi haumzuii mama mwenye kikapu cha viazi kuvuka kwa miguu, na akina mama nao walikuwa wanarudishwa. Nikamwambia utingo wangu, hii si habari ya saruji.

Baadaye maneno yakatoka hadharani. Kigali ikasema raia wake wanakamatwa na kuteswa Uganda, na kwamba Kampala inawalea wapinzani walio upande wa Jenerali Kayumba Nyamwasa, mkuu wa zamani wa jeshi la Rwanda aliyegeuka mpinzani. Kampala nayo ikasema Rwanda imepenyeza majasusi kwenye vyombo vyake. Na hawa ni watu waliotoka msituni pamoja! Kagame alipigana upande wa Museveni, na Museveni alipoingia madarakani mwaka 1986 akawa kwenye ujasusi wa jeshi la Uganda. Wanajuana mno. Mimi naona ndiyo maana ugomvi ulikuwa mgumu kuumaliza, maana kila mmoja alijua mwenzake anaweza kufanya nini.

Kutoka Gatuna hadi Kigali ni kama kilomita 80 tu. Ukiingilia Kagitumba unazunguka mashariki kote, upite Kayonza ndipo uupate mji. Dizeli ya ziada ikawa ugomvi mwingine, kati yetu na matajiri wetu, maana bei ya mzigo ilishakubaliwa tangu Mombasa. Katuna yenyewe ilikufa. Nyumba za wageni zilifungwa, vijana waliokuwa wanatembea na mabunda ya faranga za Rwanda wakapotea, na mama niliyekuwa nakula kwake akahamishia sufuria zake Kabale. Waliobaki walipita vilimani usiku na mahindi, sabuni na pombe haramu ya kanyanga. Wapo waliopigwa risasi.

Wakubwa walisaini makubaliano Luanda tarehe 21 Agosti 2019, wakakutana tena palepale mpakani Februari 2020, na geti likabaki limefungwa. Lilikuja kufunguliwa 31 Januari 2022, siku chache tu baada ya Muhoozi, mtoto wa Museveni, kwenda Kigali kuonana na Kagame. Marais wengine walisuluhisha wee, mwisho akatumwa mtoto.

Mkaazi wa Nyagatare

Dereva, hapo katikati kulikuwa na korona pia, mipaka yote ilifungwa Machi 2020, usilibebeshe geti la Gatuna kila kitu. Halafu hao waliokamatwa Uganda ni watu, si hadithi. Kaka wa jirani yangu alirudi hatembei sawasawa. Usiandike kama vile vilikuwa visingizio.

Dereva wa Korido

Pole sana ndugu yangu. Sijasema kukamatwa kulikuwa kisingizio. Nimesema saruji.

Bibi wa Taveta

Wanangu, ninyi mnaongelea miaka mitatu. Sisi tulifungiwa karibu saba.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli ya Afrika Mashariki, njia ya Voi kwenda Moshi inayopita hapa kwetu Taveta. Dalili ya kwanza ilikuwa mshahara. Ukaanza kuchelewa, na baba na wenzake wakawa wanakaa chini ya mwembe jioni wakibishana: Nairobi inasema Dar haijatuma fedha, Dar inasema Nairobi ndiyo imezikalia. Reli, posta, bandari, ndege, vyote vilikuwa vya pamoja, na kila mmoja alianza kukishika kile kilicho kwake. Mwanzoni mwa 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likafa, Kenya ikaanzisha lake, na Februari ya mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka. Magari ya watalii ya Kenya yaliyokutwa ng'ambo yalizuiliwa hukohuko.

Shangazi yangu alikuwa ameolewa Himo, upande wa Tanzania. Kabla ya hapo alikuja sokoni Taveta Jumatano na Jumamosi kama mtu anayekwenda kisimani. Baada ya hapo alikuja kwa njia za panya, na akija haji kutusalimu tu, anakuja kutafuta sabuni na mafuta ya kupikia, maana upande wao maduka yalikuwa matupu. Alikuwa akinunua Kimbo, kopo analiacha kwetu, mafuta anayashindilia kwenye kibuyu cha maziwa ili akikutwa njiani aseme ni samli. Mama alikuwa na makopo ya Kimbo mpaka akayapandia maua.

Mwaka 1983 ilipokuja kampeni ya Waziri Mkuu wa Tanzania, Sokoine, ya kuwasaka wahujumu uchumi, shangazi akafukia kibuyu na mafuta yake migombani. Kwa mafuta ya kupikia, hebu fikirini! Mpaka ulifunguliwa Novemba mwaka huohuo, Nyerere, Moi na Obote walipokutana Arusha na kukubaliana kugawana mali na madeni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika, baada ya yule msuluhishi Mswisi, Umbricht, kuhangaika na mahesabu kwa miaka. Shangazi alikuja kwa miguu akipita kwenye kizuizi cha mpakani mchana kweupe, akalia. Wajukuu wangu wanadhani natunga.

Kuna kitu hakikurudi. Zamani watalii walitoka Maasai Mara moja kwa moja hadi Serengeti kupitia Bologonja. Mpaka leo njia ile imefungwa kwao.

Mwana Kisangani

Jambo ndugu zangu. Mimi wa Kisangani, komini ya Tshopo, sasa niko Kigoma kwa biashara. Kwetu haukufungwa mpaka, maana mpaka wa Uganda na Rwanda uko mbali sana na sisi. Walikuja kugombania mjini kwetu.

Majeshi ya nchi hizo mbili yaliingia Kongo 1998 yakiwa washirika dhidi ya Kabila mzee, Rais Laurent Kabila. Kisha RCD, waasi wa Kongo waliokuwa wakiwaunga mkono, wakagawanyika: Wamba dia Wamba, yule profesa aliyefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahamia Kisangani chini ya ulinzi wa Uganda, wa Goma wakabaki na Rwanda. Na almasi zipo. Agosti 1999 wakapigana mara ya kwanza, Mei 2000 tena, halafu Juni 2000 ndiyo ile tunayoiita vita ya siku sita, kuanzia tarehe 5 hadi 10. Dalili? Mchuuzi wa mkaa aliyekuwa akivuka daraja la Tshopo kila asubuhi hakuja. Mama akasema, leo hatupiki, jazeni maji.

Tulilala chini ya vitanda, magodoro yamewekwa juu, mabomu yakipita juu ya nyumba kutoka huku na huku. Mamia ya raia walikufa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na shida na Kampala wala Kigali.

Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliikuta Uganda na hatia mwaka 2005, na Februari 2022 ikaamuru iilipe Kongo dola milioni 325. Kesi dhidi ya Rwanda mahakama ilisema 2006 kwamba haina mamlaka nayo. Kwa hiyo bomu lililoanguka kwako likitoka upande mmoja lina fidia, likitoka upande wa pili halina. Nani alikuwa anatazama limetoka wapi?

Mnyampala wa Minziro

Kifupi: Oktoba 1978, kabla majeshi ya Amin hayajaingia Kagera, tuliona askari wake wenyewe wanakimbilia kwetu, wamevaa mashati ya raia na buti za jeshi. Babu akatazama zile buti, akaswaga ng'ombe kuelekea Kyaka jioni ileile. Tulivuka mto daraja bado lipo. Majirani waliosubiri tangazo walilikuta limelipuliwa.

Mama Buyenzi

Mimi niko Bujumbura na nina swali kuliko kisa. Serikali yetu ilifunga mpaka na Rwanda tarehe 11 Januari 2024, baada ya shambulio la RED-Tabara, waasi wa Burundi, karibu na Gatumba Desemba 2023. Yetu inasema Rwanda inawasaidia, Rwanda inakataa. Dada yangu yuko Kigali na mimi nauza vitenge. Kuna mtu amezungukia Tanzania, Kobero kisha Rusumo? Inawezekana, au ni kupoteza nauli?

Wakala wa Rusumo (mwanzisha mada)

Inawezekana mama, watu wanapita. Unavuka Kobero kuingia Kabanga, unafika Ngara, unatafuta gari la Rusumo. Beba pasipoti au hati nyingine ya kusafiria. Kitambulisho cha taifa peke yake Tanzania hakitakusaidia. Ukiwa na mabalo ya vitenge, usiyapitishe kama mizigo ya abiria. Yaandikishwe Kabanga kama mzigo wa kupita tu (transiti) na yafungwe sili, na usiruhusu mtu aiguse mpaka Rusumo. Kuna vijana pale stendi watakwambia wanajua mkato. Usiwasikilize.