Tupeane uzoefu: skwoti nzito imekufanya nini mwilini?

Nyundo wa Nyalenda:
Ndugu zangu, leo tuongee kuhusu skwoti nzito, chuma mabegani unachuchumaa na kuinuka, zile za kushuka mara moja hadi tatu ukiwa umebeba mwisho wa nguvu zako. Hapa Kisumu wengi tunabebea jimu za mtaani, fremu imechomelewa na fundi wa jua kali, na kuna wanaotumia saruji iliyomiminwa kwenye mikebe. Tunatazama video za Ray Williams, Mmarekani aliyeinuka na kilo 456 mwaka 2016, halafu 490 mwaka 2019, kesho yake kila mtu anaongeza uzito. Hatuwatazami waliosimama kando yake. Sheria za IPF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu wa kuinua vyuma, zinataka wasaidizi wasiopungua wawili, wanaweza kufika watano. Kwetu unapata mmoja, tena ana simu mkononi.

Mimi nabeba kilo 180. Magoti yanalalamika nikishuka ngazi asubuhi. Wewe je?

Chuma Kondele:
Mimi ni mgongo. Nilikwama chini na kilo 160, fremu haina vyuma vya kukingia. Jamaa aliyekuwa nyuma akanikumbatia kifua akivuta juu, chuma kikateleza kuelekea shingoni, nikakunjika mbele nacho. Siku hiyo sikusikia kitu. Asubuhi yake maumivu yakatoka kwenye tako yakateremka hadi kidole gumba cha mguu, kama waya wa umeme. Kuketi kwenye matatu hadi Busia ilikuwa adhabu. Picha ilionyesha diski imetokeza inabana mshipa wa fahamu. Sikupasuliwa, nilifanyishwa mazoezi miezi mingi, kuanzia kutembea tu.

Niliporudi tulimwita fundi. Nilishuka hadi chini kabisa na chuma kitupu, akapima, akachomelea vyuma viwili vya kukingia chini kidogo ya pale. Sasa nikishindwa nakaa, chuma kinabaki juu ya vyuma, natambaa natoka. Nawaambia vijana wetu kila siku: kilo 160 haikuniumiza, niliumizwa na kukosa mahali pa kuiacha.

Mama Pacha, Nakuru:
Kaka Nyundo, asante kwa kufungua hii. Wanawake hatulisemi, nalisema mimi: baada ya kujifungua, nikikaza pumzi chini ya chuma mkojo ulikuwa unatoka. Nilidhani ndio basi. Mtaalamu wa viungo akanifundisha kukaza misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayozuia mkojo, na kutoa pumzi ninapopanda. Nilianza upya na uzito mdogo, na mkojo umekoma. Dada zangu msiache mazoezi kwa aibu, tafuteni msaada.

Muuguzi wa Kakamega:
Niongeze. Ukifunga pumzi na kusukuma mzigo mkubwa, presha inaweza kupita 300 kwa sekunde chache. Ndiyo maana mtu hutoka damu puani, au anaona giza akirudisha chuma. Mwenye presha asiguse uzito wa mwisho kabla ya kuonana na daktari. Bawasiri na ngiri pia huchokozwa hapo.

Mambo mawili hayangoji asubuhi. La kwanza, maumivu ya mgongo pamoja na ganzi pale unapokalia tandiko la baiskeli, au mkojo kugoma. Hiyo ni hospitali usiku huohuo, mishipa ya fahamu inaweza kufa. La pili, mkojo wa rangi ya chai nzito baada ya mazoezi makali: misuli imevunjika na figo ziko hatarini.

Bukusu Mzito:
Magoti yangu yalitulia nilipoacha kupima nguvu kila Jumamosi. Sasa uzito wa mwisho nauacha hadi baada ya wiki nyingi za kujenga. Brian Carroll, mbeba vyuma wa Marekani, alipasuka mfupa wa chini ya mgongo, akajijenga pole pole akiongozwa na Profesa Stuart McGill, mtaalamu wa mgongo, na mwaka 2020 akainuka na kilo 592 akiwa na suti ya mashindano, ile nguo ngumu inayosaidia kuinuka.

Nyundo wa Nyalenda:
Mama Pacha, ubarikiwe. Chuma Kondele, tuma vipimo vya hivyo vyuma na unene wa bomba. Jumamosi nampelekea fundi wetu, na hadi avichomelee hakuna anayepita kilo 100 kwetu.