Ughaibuni au nyumbani: tunahesabu nini hasa?

Wakuu, salaam. Kuna mwenzetu kasema kwamba kurudi nyumbani ilhali kibali chako cha kuishi nje bado kiko hai ni kichaa, kwa sababu mshahara wa mwezi mmoja wa kule, huku nyumbani utausotea mwaka mzima. Hesabu yake siibishi. Nabisha alichokihesabu.

Nina miaka 14 nje. Nimejenga nyumbani, nyumba ipo, ina geti na tangi la maji. Juzi nikafungua pasi yangu ya kusafiria, nikajumlisha mihuri: tangu nyumba iishe nimelala humo usiku 61. Mlinzi anaijua kuliko mimi. Safari ya mwisho nilipapasa ukuta gizani mpaka nikampigia simu, akaniambia swichi iko nyuma ya mlango. Swichi ya chumbani kwangu!

Tunachukua mshahara wa nje tunaupimia matumizi ya nyumbani, wakati sehemu kubwa inaliwa kulekule: pango, bima, nauli, malezi ya mtoto. Kinachobaki ukikituma nacho kinamegwa njiani. Kwa wastani wa dunia, kutuma dola 200 bado kunagharimu zaidi ya asilimia 6, na Umoja wa Mataifa ulilenga ishuke chini ya 3 ifikapo 2030. Anayetuma kila mwezi, kwa mwaka anawaachia mawakala karibu robo tatu ya kile anachotuma kwa mwezi mmoja.

Sisemi watu wasiende. Nasema aendaye aende na tarehe ya kurudi, na tarehe hiyo aitafute kwenye sheria za kule, si kwenye hamu. Marekani, pensheni ya uzeeni inadai krediti 40, yaani kama miaka 10 ya kuchangia. Uingereza nako kwa kawaida kima cha chini ni miaka 10. Ukifungasha mwaka wa tisa kwa upweke, huenda umechangia uzee wa wenzako. Ukifika wa ishirini ukiimba "mwakani narudi", watoto wameshakuwa wa kule, na hapo unarudi na nani?

Naomba kuwasilisha. Mnisute.

Mchangiaji wa 2: Mkuu, unaongea kama mtu mwenye makaratasi. Sisi tuliopita Ghuba chini ya kafala, yaani mfumo wa kudhaminiwa na mwajiri, kibali kilikuwa chake. Siku aliyosema basi, ikawa basi. Tarehe ningeipanga na nani? Nilirudi na begi moja. Mwezi wa kwanza nilikuwa mgeni, wa pili nikawa mzigo, wa tatu simu zikakata. Hao mnaowaita wakaidi wasiorudi, wengine wanaogopa huo mwezi wa tatu tu.

Mchangiaji wa 3: Kaka, umehesabu usiku wa nyumba, wazazi hujawataja. Mimi mama yangu nimemzika kwa simu. Mpwa wangu ndiye aliyeshika kamera, mkono ukamchoka, nusu ya maziko nikawa natazama viatu vya watu. Hadi leo nikiviona vile vya kahawia najua ni vya mjomba. Ndiyo, ningekuwa nyumbani ningekuwepo. Lakini dawa zake za miaka sita zililipwa na huo huo mshahara unaoupigia mahesabu. Sasa niambie, nilikosea wapi?

Mwanzisha mada: Pole sana dada. Hukukosea popote, na hapo kwenye dawa umenikamata, sina jibu. Mkuu wa Ghuba naye nampa haki yake: kupanga tarehe ni anasa ya mwenye kibali chake mwenyewe. Basi swali langu libaki kwa hao wenye anasa hiyo. Na yule aliyeanza na neno kichaa, ambaye najua naye kajenga, bado namsubiri: kwake amelala siku ngapi?