Eti "watu wa basi"! Yule dalali wa magari ya viti saba leo kanivunjia heshima mbele ya wanangu

Wakuu, nimeingia nyumbani sasa hivi, hata viatu sijavua. Naandika na hasira zangu na sitaki mtu aniambie nipoe kwanza.

Mnamjua. Simtaji jina, wasimamizi msihangaike kufuta uzi, ila mnamjua. Yule ambaye kila gari lake "lilikuwa la mama mmoja mstaarabu, alikuwa analipeleka sokoni tu". Huyo mama kama yupo kweli basi ana magari mia nne na hana kazi nyingine duniani zaidi ya kununua nyanya. Yule ambaye kabla hujamlipa anapokea simu hata haijaita, ukishamlipa anageuka mtu wa kusikika kwa majirani.

Leo, mbele ya mke wangu na watoto watatu, kaniita mtu wa basi.

Nyumbani tuko sita ukimhesabu mama mkwe. Kile kigari chetu kidogo kilishatushinda, mkubwa alikuwa anakaa nyuma magoti yamefika masikioni. Tukakiuza mwezi uliopita, tukaongeza akiba ya miaka miwili, tukaanza kutafuta la viti saba. Nikampigia yule bwana, nikamwomba jambo moja tu: kaka, naomba usiliwashe mpaka nifike, nataka nilisikie likiwa baridi. Akasema "hakuna shida bosi wangu, halijaguswa tangu jana".

Nafika, naweka kiganja kwenye boneti. Linachoma! Linachoma kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Namuuliza, ananiambia "jua hilo bosi". Gari liko ndani, chini ya paa, jua litapitia wapi? Injini inayokula oili hukusalimia na moshi wa bluu pale unapoiwasha baridi, na cheni iliyolegea hugonga sekunde zile za mwanzo halafu inanyamaza. Ndiyo maana wanazipasha moto kabla hujaja. Nikameza mate, nikanyamaza, kwa sababu ya watoto.

Naingia ndani, manukato matatu yananing'inia kwenye kioo, macho yananitoka machozi. Gari la miaka 14, dashibodi inasema kilometa 68,000. Yaani halijafikisha hata kilometa 5,000 kwa mwaka! Sawa, labda nyanya zilikuwa karibu. Lakini raba ya pedeli ya breki imelika mpaka chuma kinaonekana, na usukani unang'aa kama umepakwa mafuta ya nywele. Nikazungusha ufunguo bila kupiga stata. Taa zote za dashibodi zikawaka isipokuwa ya eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga. Ile taa lazima iwake sekunde chache kisha ijizime yenyewe. Isipowaka kabisa, ama kuna hitilafu, ama kuna mtu kaiua ili isikusemeshe. Na hapo nyuma ndipo wanangu wangekaa.

Sasa sikilizeni. Nikahamia viti vya katikati, nikavuta mkanda wote mpaka mwisho, ile sehemu ambayo siku zote imejikunja ndani. Mkanda ukatoka msafi, msafi, halafu ghafla mstari wa matope. Umenyooka kabisa, rangi ya chai ya rangi, na chini ya huo mstari mkanda mzima umekakamaa. Chembe za mchanga zikadondoka kwenye suruali yangu. Binti yangu wa kati akaniuliza, "Baba, mbona gari lina mchanga?" Wakuu, lile gari lilikaa kwenye maji!

Nikamuuliza kwa heshima zote: kaka, hili gari liliwahi kuingia maji?

Hakunijibu. Akamgeukia MKE WANGU. Akasema, "Shemeji, pole. Kuna watu wa gari na kuna watu wa basi. Mtu wa gari anaangalia gari. Mtu wa basi anaangalia mkanda."

Vijana wake wa kuosha magari wakacheka. Mmoja alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka kwenye ndoo.

Shemeji, pole! Pole ya nini? Nani kafiwa? Mkanda una matope nimeushika mkononi, na mimi ndiye naombewa pole!

Tukarudi na basi, kwa kuwa gari hatuna. Na humo ndani ya basi, limejaa, kimya, mtoto wangu wa miaka mitano akauliza kwa sauti yake yote: "Baba, sisi ni watu wa basi?" Abiria wote wakageuka. Sikuwa na la kumjibu. Mpaka sasa sina. Kupanda basi si aibu, nimepanda maisha yangu yote, lakini kuna namna mtu anaweza kulitamka neno likakuvua nguo mbele ya watoto wako.

Niambieni, kuvuta mkanda ni kosa?

Spana14: Huyo huyo! Mimi aliniambia taa ya cheki injini "imezoea tu kuwaka, ina mazoea". Siku ya pili narudi, imezimika. Nikafurahi kama mjinga. Fundi akachomeka mashine, ikaonyesha gari halijamaliza hata kujipima lenyewe. Kumbe walichomoa betri asubuhi kufuta makosa. Nimeendesha siku tatu, taa ikarudi na wenzake wawili.

Bibi_Gia: Pole mkuu, lakini unauza gari kabla hujapata lingine, una watoto watatu na mama mkwe? Dalali kakosea. Wewe hata basi wangekukatia tiketi ya kusimama 😂😂

Mleta uzi: Bibi_Gia, nilikiuza kwa sababu mnunuzi alikuja na hela kamili. Usibadilishe mada. Mada ni mkanda.

KimyaKimya: Mkuu umeokoka. La maji haliui siku hiyo hiyo. Linakaa miezi linakuchekea, kutu ya kijani inatafuna soketi za waya chini ya zulia, halafu siku ya mvua vioo vinajishusha vyenyewe. Wengine wakague na shimo la tairi la spea, wakague bolti za chini ya viti. Mkanda wanaweza kuubadilisha, bolti za kiti hawana muda nazo.

Tairi_Kipara: Hahahaha "kununua nyanya". Nimempeleka mzee wangu hapo mwaka jana. Kaambiwa matairi mapya. Nikainama nikasoma zile tarakimu nne za mwisho pembeni ya tairi, 2313. Wiki ya 23, mwaka 2013! Namwonyesha jamaa, ananiambia hiyo ni namba ya kiwanda. Kiwanda kipi, cha kuzeesha?

Mleta uzi: Umeona sasa! Na akakuita mtu wa nini?

Tairi_Kipara: Hakuniita kitu. Mimi mkubwa mwilini.

MamaMapacha: Afadhali yako wewe uliona kabla ya kulipa. Mimi shida yangu ni hawa wanaosema "viti saba". Saba vya nani? Safu ya tatu ya gari letu anakaa mkoba wangu kwa kubanwa. Ukivinyanyua vile viti, buti linabaki la kuweka mkate mmoja. Na niliambiwa viti vya watoto vitaingia popote. Nimefika nyumbani na vile vya kujifunga kwenye vyuma vya ISOFIX, kumbe vyuma viko viti viwili tu vya pembeni, safu ya katikati. Nina watoto wanne wanaohitaji. Jamani, nendeni na viti vya watoto wenu mkavifunge hapo hapo kabla ya kutoa hata senti.

Bibi_Gia: Mama, na hao wanne uliwanunua hapo hapo?

MamaMapacha: Nyamaza wewe.

OiliChafu: Nyie mnalia na madalali, mimi nalia na fundi. Nilimlipa anisindikize kukagua. Alizunguka gari mara moja, akapiga tairi teke, akasema "chukua, chuma hiki". Wiki mbili baadaye maji ya rejeta yanapungua, moshi mweupe nyuma hauishi hata injini ikiwa moto. Nafungua kifuniko cha oili, uji mtupu. Gasketi ya silinda hedi. Kumbe fundi alishakula kwa muuzaji. Yaani niliajiri adui yangu na nikamlipia nauli!

Spana14: Uji kwenye kifuniko si lazima gasketi. Gari la safari fupi fupi kwenye baridi linafanya hivyo, ni unyevu tu.

OiliChafu: Moshi mweupe je?

Spana14: Nimezungumzia uji.

OiliChafu: Mimi nimezungumzia uji NA moshi NA maji kupungua. Soma yote.

Spana14: Nimesoma. Nasema uji peke yake.

KimyaKimya: Nyie wawili pimeni presha ya silinda, mtajua.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Huyu mtu alimgeukia mke wangu, HAKUNIANGALIA MIMI, akasema "shemeji, pole". Mimi nimesimama pale nimeshika ushahidi!

Tairi_Kipara: Ulipiga picha?

Mleta uzi: Ya nini?

Tairi_Kipara: Ya mkanda.

Mleta uzi: Ningepigaje picha mkono mmoja una mkanda na mwingine umeshikwa na mtoto? Na mke ndiye huyo anapewa pole!

Bibi_Gia: Shemeji, pole 😂😂😂

Gari_La_Ukoo: Mimi nawaambia ukweli, kununua la viti saba ndiyo mwanzo wa matatizo. Nilipokuwa na la viti vitano nilikuwa na familia. Sasa nina ukoo. Harusi, naitwa. Msiba, naitwa. Mtu anahama, naitwa. Shemeji yangu kalichukua Ijumaa "kwenda hapo tu", kalirudisha Jumatatu. Kiti cha nyuma kina manyoya ya kuku.

MamaMapacha: Manyoya?!

Gari_La_Ukoo: Manyoya, na yai moja bichi chini ya zulia. Nimelikuta kwa harufu, wiki ya pili.

OiliChafu: Huyo shemeji ana undugu na wangu. Wangu anarudisha kiti kimesogezwa mpaka mwisho na redio kwenye stesheni isiyojulikana.

Spana14: Wangu alikanyaga klachi safari nzima. Nimebadilisha sahani.

Mleta uzi: Kesho narudi pale na tochi na simu iliyojaa chaji. Nani anakuja?

MamaMapacha: Gari_La_Ukoo, mafuta alirudisha?

Gari_La_Ukoo: Alirudisha taa ya mafuta imewaka, na akaniuliza kwa nini gari langu linakula sana.