Kompyuta inazungusha feni tu, skrini giza: naomba ushauri

Wakuu, kompyuta yangu ya mezani imeanza visa. Nikibonyeza swichi feni zinazunguka, taa ya mbele inawaka, ila skrini giza na hakuna hata mlio. Nilichomoa RAM (kile kijikadi cha kumbukumbu), nikasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, nikairudisha. Ikawaka vizuri, kesho yake yale yale. Tena siku ikikubali kuwaka, saa inasoma mwaka wa zamani kabisa, kwa hiyo betri ndogo ya kwenye madabodi (ile bodi kuu ya ndani) nadhani imekwisha. Fundi kaitazama kwa macho tu, eti ninunue madabodi mpya. Hapo sijamwelewa. Naweza kuipima pawa saplai (kile kiboksi cha kuipa mashine umeme) kwanza? Na diski nikiihamishia kwenye mashine nyingine, picha za wanangu zitasomeka?